Betri Nyuma ya Kiti

Hospitalini walimwita Mama Usingizi, kwa kuwa kazi yake ilikuwa kuwapa wagonjwa nusu kaputi kabla ya kupasuliwa, kisha kukaa kichwani mwao mpaka wazinduke. Aliifanya kazi hiyo miaka ishirini na miwili, na kila aliyefanya naye alijua kwamba huo utulivu aliougawa kwa wengine, mwenyewe hakuwa nao. Akikaa, goti linacheza. Akila, anainuka mara mbili kwenda kufunga bomba ambalo limeshafungwa. Mumewe, mwalimu wa jiografia, mtu mpole anayeweza kusahihisha madaftari sitini bila kuinua kichwa, alikuwa akiwaambia wageni kwamba ameoa feni.

Kilichomtuliza ni kitu kimoja: gari lake la michezo, la viti viwili, kijani iliyokolea, kuukuu lakini lenye mbio. Alilinunua kwa mtu aliyekuwa akihama, mwaka ambao mtoto wao wa mwisho aliondoka nyumbani. Siku za kazi lilikaa chini ya turubai ubavuni mwa nyumba. Jumamosi asubuhi alilifunua, akalipangusa, akatoka nalo saa nzima bila kwenda popote, akarudi amechangamka kama mtu aliyeoga maji ya baridi.

Basi Jumamosi moja akazungusha ufunguo, gari likalia "tik," likanyamaza. Jirani akaja na nyaya zake, akaziunga mbele kwenye injini, akalishtua kwa betri ya gari lake, likawaka. Jumamosi ya pili ikawa yale yale. Ya tatu, hata taa za dashibodi hazikuonekana.

"Betri imekufa," alimwambia mumewe aliyekuwa amejiinamia mezani na kalamu nyekundu.

"Basi leo pumzika."

"Nipumzike nifanye nini?"

Mwalimu akaweka kalamu chini. "Mke wangu, nilitaka kukwambia kitu. Nguo zako za Jumamosi siku hizi zinanuka yai viza. Na ukirudi unakohoa."

"Wewe hilo gari hujawahi kulipenda."

"Sijasema gari. Nimesema nguo."

Mkewe alichukua futi ya kupimia, akatoka zake.

Muuzaji wa betri, mtu mwenye kitambi na maneno mengi, alimpangia tatu juu ya kaunta. Ya kwanza ya maji, ile ya kawaida. Ya pili kavu, haifunguliwi wala haiongezwi kitu. Ya tatu ya lithiamu, nyepesi kiasi kwamba aliiinua kwa mkono mmoja akidhani ni boksi tupu.

"Gari la mbio linataka wepesi, mama. Hii ndiyo yenyewe."

Kazini Mama Usingizi aliamua mambo makubwa kwa kufumba na kufumbua. Hapa alisimama nusu saa. Aliishika ya lithiamu, akairudisha. Alitoka mpaka mlangoni, akarudi. Alimpigia simu shemeji yake, mdogo wa mumewe, dereva wa lori, na huyo hakusita hata kidogo. "Shemeji, chukua kubwa kuliko zote. Betri kubwa haijawahi kumtia mtu aibu." Akaomba kubwa. Akapima kwa futi, akalinganisha na kitabu cha gari: imezidi nafasi yake kwa vidole viwili, na kichwa cha chanya kiko upande ambao waya wake haufiki. Kwa dakika nzima alikuwa anafikiria jinsi ya kuulazimisha ule waya.

Mlango wa pili palikuwa na fundi wa umeme wa magari, mwanamke wa makamo aliyevaa ovaroli na miwani, ambaye alikuwa akimtazama muda wote huo akienda na kurudi. Hatimaye akamwita.

"Hiyo ya zamani ina umri gani?"

"Mwaka na nusu."

"Mapema mno. Haijafa kifo chake hiyo. Kabla hujachagua nyingine, si ujue kwanza hii imeuawa na nini?"

Mama Usingizi alihisi uso unamchoma. Hajawahi kumlaza mgonjwa bila kumuuliza historia yake, na hapa alikuwa anataka kununua dawa kabla ya kujua ugonjwa.

Fundi alikuja nyumbani na pikipiki yake, akiwa amebeba mita na betri ya kuazima. Betri ya gari lile ilikaa ndani, nyuma ya viti, chini ya kifuniko kilichozibwa na zulia. Alipokifungua tu, harufu ikawapanda wote wawili puani, macho yakawatoka machozi. Betri ilikuwa imevimba mbavu, vichwa vyake vimeota unga mweupe. Ndani, maji hakuna.

Fundi aliunga betri yake, akawasha injini, akasoma mita. Namba zikapanda zikapita volti kumi na sita.

"Inatakiwa ikome kwenye kumi na nne na kitu," alisema, akazima haraka. "Altaneta yako, ile inayoichaji betri injini ikizunguka, inaishindilia chaji. Betri inachemka, maji yanaisha, gesi inatoka." Akavuta kimpira chembamba kilichokuwa kinaning'inia mle ndani bila kuungwa popote. "Hiki kazi yake ni kuitoa hiyo gesi nje, chini ya gari. Aliyekuwekea betri hii aliweka isiyo na tundu la kukichomeka. Kwa hiyo gesi umeivuta wewe."

"Ingeweza kulipuka?"

"Cheche moja ingetosha."

Mama Usingizi aliketi kwenye ukingo wa ngazi. Kila siku ya kazi ana mirija ya gesi mbele yake, na kiungo kimoja kikivuja kidogo tu husimamisha kila kitu. Ndani ya gari lake alivuta moshi wa asidi Jumamosi baada ya Jumamosi, akasingizia vumbi la barabarani. Mumewe alikuwa amesimama mlangoni.

"Ulisema kweli kuhusu nguo," alimwambia.

"Nilijua ni nguo," mwalimu akajibu polepole. "Sikujua ni mapafu."

Kipuri cha altaneta kilichukua siku nne kupatikana, na hizo siku nne zilimtesa. Alimpigia fundi simu asubuhi, mchana na jioni, mpaka fundi akamwambia, "Mama, altaneta haiponi kwa kuulizwa hali." Katika chumba cha upasuaji daktari alimwomba mara mbili aache kugongesha mguu.

Betri waliichagua altaneta ilipokwisha kutengenezwa, yeye na fundi pamoja, na haikuchukua dakika kumi. Ya lithiamu waliiacha, kwa kuwa chaji ikikosewa tena itakuwa ya kwanza kuharibika. Walichukua ile kavu, ya kipimo kile kile, yenye tundu la mpira upande unaotakiwa, pamoja na chaja ndogo ya kuilisha kidogo kidogo wakati gari limelala chini ya turubai.

Jumamosi mwalimu mwenyewe aliomba kwenda naye, jambo ambalo hakuwa amelifanya tangu gari linunuliwe. Alijikunja kitini, magoti kifuani, mita ndogo ya fundi imechomekwa kwenye tundu la kiberiti. Vioo vyote vilikuwa chini. Walipotoka mjini akaanza kusoma namba kwa sauti, kama anayesoma vipimo vya mvua darasani.

"Kumi na nne nukta mbili. Kumi na nne nukta mbili. Kumi na nne nukta..."

"Utaniumiza kichwa. Nyamaza kidogo."

Akanyamaza. Barabara ilikuwa nyeupe, haina gari jingine. Mkewe akapanda gia, akavuta pumzi kwa pua, akavuta tena.

"Sasa hivi je?" akauliza.

"Kumi na nne nukta mbili."

Hawakufika kona ya pili kabla hajauliza tena.