Aliyepita Mbele ya Jua

Kwa zaidi ya miaka thelathini nimesema kwamba siku ile nilikuwa peke yangu. Nilimwambia hivyo mwalimu wangu, nikaandika hivyo kwenye ripoti, na Idrisa nilimwambia nikimtazama machoni. Nilidanganya. Tulikuwa wawili, na haya ninayokusimulia yalinipata mimi mwenyewe, mchana kweupe, nikiwa sijalala, sina homa wala sijala kitu cha ajabu. Usiponiamini sitakulaumu. Hata mimi nimejaribu kutoyaamini, nikashindwa.

Ilikuwa katikati ya miaka ya sabini. Nilikuwa nasoma fizikia chuo kikuu Dar es Salaam, msichana pekee darasani, na kiburi changu kingewatosha wasichana kumi. Wamarekani walikuwa wamerusha angani chombo kikubwa kama nyumba. Watu wakaishi humo kwa miezi, kisha wale wa mwisho wakashuka, wakakiacha kikiendelea kuizunguka dunia kitupu. Mwalimu wetu akaja na wazo. Akasema kuna nyakati chombo hicho hupita sawasawa kati yetu na jua, na mwenye darubini na kamera anaweza kukinasa kama kidoa cheusi kwenye uso wa jua. Taabu yake ni kwamba kinapita kufumba na kufumbua, na ili ukione lazima uwe ndani ya ukanda mwembamba wa kilomita tatu au nne. Ukikosea hesabu unapiga picha ya jua, na jua kila mtu analijua.

Kulikuwa na nafasi moja ya masomo ng'ambo, na tulioitaka tulikuwa wawili, mimi na Idrisa. Idrisa alikuwa mtoto wa mkulima, mtaratibu, anayeandika nambari zake kwa penseli na kuzirudia mara tatu. Mwalimu akatupa takwimu zilezile zilizotoka Marekani, akasema kila mmoja apige hesabu yake, aende hesabu itakakompeleka, na atakayeleta picha ndiye atakayependekezwa. Yangu ikanipeleka Bagamoyo, kwenye mashamba ya chumvi kaskazini ya mji, saa sita na dakika thelathini na nane. Ya Idrisa ikampeleka Miono, bara, dakika moja na nusu baadaye.

"Utarudi na chumvi, Profesa," aliniambia tulipoagana.

Nikamwambia yeye atarudi na mahindi.

Bagamoyo ndiko nilikolelewa na bibi yangu, mzaa mama, kwa hiyo nilifikia nyumbani. Asubuhi nikapanda lori la chumvi na vifaa vyangu. Darubini ya chuo ilikuwa na kioo cheusi mbele na kamera nyuma, na ubavuni nilikuwa nimefunga kidarubini kidogo kilichotupa sura ya jua juu ya karatasi nyeupe, duara la ukubwa wa kisahani cha kahawa. Saa yangu nilikuwa nimeiweka sawa na mlio wa redio.

Kina mama waliokuwa wakikwangua chumvi walinitazama nikifunga vitu vyangu kwenye tuta kati ya majaruba ya kukaushia maji ya bahari, wakacheka, wakanipa maji. Ilipokaribia saa sita wakaanza kuondoka kwenda bandani kupumzika na kungoja adhuhuri. Mmoja wao, Bi Mwanaheri, akanisihi nifuatane nao. Alisema saa sita mtu hakai jarubani, saa hiyo si yetu. Nikamweleza kuhusu chombo. Akanisikiliza kwa adabu kama mtu amsikilizavyo mlevi, kisha akaniusia kwamba kama nitabaki, basi akinijia mtu yeyote nitazame kivuli chake kabla sijasema naye neno.

Mimi nikatabasamu kisomi. Na hapa naomba unicheke, kwa sababu ninastahili. Ilikuwa mwanzo wa Machi. Siku chache tu katika mwaka jua husimama utosini kabisa pale kwetu, na kivuli cha kila mtu huingia chini ya nyayo zake. Hilo nililijua vizuri, ndiyo maana darubini yangu ilitazama juu wima na mimi nimepiga magoti chini yake kama ninayemkanda mgonjwa. Katika siku zote nilizoweza kukaa jarubani saa sita, nilikuwa nimekwenda siku ambayo hakuna mtu mwenye kivuli.

Mwendo wa mtu jarubani husikika. Ukoko wa chumvi hulia chini ya mguu, kwata kwata, hata mtoto akipita utajua. Nilikuwa nimeinamia karatasi yangu, mkono mmoja kwenye waya wa kamera, mwingine umeshika saa, sikusikia kitu. Nikasikia sauti tu, karibu na bega langu.

"Shikamoo."

"Marahaba," nikajibu.

Nilijibu bila kuinua uso. Wewe ungefanyaje? Shikamoo ikija, marahaba inatoka yenyewe, na nilidhani ni binti wa mmoja wa wale kina mama. Nilipogeuka nikamwona bikizee aliyejifunga kaniki, mkongwe hata kuliko bibi yangu, uso umekunjamana wote. Niliona haya. Mtu wa umri ule kunishika miguu mimi, na mimi nikaipokea! Haraka nikasema, "Nisamehe bibi, shikamoo." Hakuitikia. Nikairudia. Hakuitikia tena, ila alitabasamu kidogo, kama mtu aliyekwisha kupata alichokijia na hataki kukirudisha.

Ndipo nikayaona macho yake. Alikuwa analitazama jua. Hakukinga kwa kiganja wala hakufinya, alilitazama kwa macho makavu yaliyo wazi, kama wewe unavyotazama saa ya ukutani.

Akaniuliza ninangoja nini. Nikamwambia kuna chombo kitapita mbele ya jua. Sijui kwa nini nilimjibu kwa heshima hivyo, nadhani nilikuwa bado najuta ile marahaba.

"Kina watu ndani?"

"Hakina, bibi. Walikwishashuka."

"Kwa hiyo nyumba iko wazi."

"Iko wazi."

"Haina mwenyewe?"

Nikasema kwa sasa haina. Niamini, nilisema hivyo, kwa mdomo wangu. Nikaitazama saa, ilikuwa saa sita na dakika thelathini na sita, bado dakika mbili nzima. Nikamsikia akisema, taratibu, "Sasa."

Nikabonyeza. Usiniulize kwa nini, kidole kilimtii kabla yangu. Na papo hapo, juu ya karatasi nyeupe, kidoa cheusi kikakata duara la jua kutoka ukingo mmoja hadi mwingine, kikapotea.

Nilipiga kelele ya furaha. Nikageuka kumshukuru, hakuwapo. Majaruba yale ni tambarare, ukisimama tutani unaona mtu hadi kwenye mikoko, na hapakuwa na mtu. Kwenye ukoko wa chumvi kulikuwa na nyayo zangu peke yangu. Je, nilikimbia? Sikukimbia. Nilifunga darubini, maana nilikuwa na picha, na mwenye picha ndiye anayekwenda ng'ambo. Woga niliuahirisha.

Alasiri nikafika nyumbani. Bibi alikuwa barazani anachambua mchele. Akainua uso, akanitazama, akasema, "Shikamoo."

Nikadhani ananitania, nikacheka. Bibi yangu hakuwa mtu wa kufanyia salamu mzaha. Nilipomuuliza usiku ule, alikana katakata kwamba alinisalimia hivyo, akakasirika, akaniambia niende nikaoge.

Picha ilitoka safi. Jua jeupe, na ndani yake kitu cheusi kama nzi aliyekunjua mabawa. Mwalimu alikaribia kucheza ngoma. Kulikuwa na ile tofauti ya dakika mbili kati ya hesabu yangu na picha, nami niliishughulikia kama wasomi wengi wanavyofanya: nilichana ukurasa wa daftari, nikapiga hesabu upya nikianzia kwenye jibu. Idrisa alirudi mikono mitupu. Wingu lilimfunika Miono. Mwalimu akasema hata lisingemfunika asingeona kitu, kwa kuwa chombo kilipita Bagamoyo, na picha hii hapa. Idrisa akaitazama picha kwa muda mrefu. Akaniuliza kama kulikuwa na mtu mwingine pale, shahidi wa saa. Nikamwambia nilikuwa peke yangu.

Nikaenda ng'ambo. Idrisa akaenda kufundisha hesabu Lugoba, akabaki huko. Mimi nilirudi na shahada ya elimu ya nyota, nikaishia kuandika makala za magazetini kuhusu harusi na mitaro ya maji machafu, kazi ambayo haihitaji darubini. Chombo chenyewe kilianguka miaka michache baadaye. Siku redio ilipotangaza kwamba kinashuka na haijulikani kitaangukia wapi, watu mtaani walitaniana, mimi nilijifungia chumbani tangu asubuhi, madirisha yote nimeyatia komeo.

Na zile shikamoo hazijakoma. Wazee wa miaka themanini hunisalimia msibani, sokoni, kwenye foleni ya hospitali. Wananitazama usoni, kitu kinawapita, na salamu inawatoka. Kisha wanashtuka na kuona haya kama nilivyoona mimi. Siitikii. Natazama pembeni, na mtaani wananiita mwenye majivuno. Nilipokuwa na miaka ishirini na mitano nywele zangu zote zilikuwa nyeupe. Daktari alisema ni mvi za ukoo. Kwenye ukoo wetu hakuna.

Kwa hiyo nakuonya, wewe unayesoma ukitabasamu kisomi. Mkubwa wako akikupa shikamoo mahali patupu, wakati wa jua la utosi, umeze jibu lako. Hata likikukaba. Mpe mgongo, uonekane huna adabu, uende zako.

Nilidhani nitakufa na siri hii. Lakini wiki iliyopita simu ililia, na ilikuwa sauti ya Idrisa. Amestaafu. Mjukuu wake alimtafutia kwenye kompyuta takwimu zote za chombo kile, zile sahihi zilizosahihishwa baadaye, naye akakaa nazo siku kadhaa na penseli yake. Hakuwa na hasira, na hilo ndilo lililonikata maini.

"Nimezirudia mara tatu," akasema. "Kilipita Miono, dakika ileile niliyoiandika. Juu ya wingu langu. Kwenye majaruba yako hakikupita kabisa."

Nikamtajia saa ya picha yangu.

"Saa sita na dakika thelathini na sita, Profesa, kilikuwa bado Kongo."

Nikamsikia akipumua kwenye waya.

"Mimi siku ile nilikuwa na wingu," akasema. "Wewe ulikuwa na nani?"