Redio ya Baba Ilitazama Nje

Leo nimeenda kwenye mfereji wa Madibira kugombana na mtu, nimerudi namshukuru!

Jirani yangu Masanja nimemkuta na programu ya simu niliyoitengeneza mwenyewe, ya kupanga zamu za maji ya mpunga. Nilikuwa nimesikia ameibadilisha bila kuniuliza.

"We Masanja, nani kakuruhusu?"

"Si uliiweka wazi kwenye grupu la wakulima, mama? Nimeiongezea sauti ya Kisukuma, bibi yangu hajui kusoma. Nimeirudisha hukohuko, wote waitumie."

Nikaikumbuka redio ya baba.

Miaka ya sabini, Iringa, baba aliweka redio yetu dirishani, spika nje, majirani wasikie. Sisi wa ndani tulisikia kwa shida. Nilivyokuwa nanuna! (Nyie hamkununa kwenu?)

Asante, Masanja.

Baba, leo ndiyo nimeisikia redio yako vizuri.