Shati la Sita

Ukitaka kufanya harusi kando ya maji na unaishi Bunia, kwanza kubali kwamba Bunia haina ufuko. Tuna vijito, tuna mvua, tuna matope mekundu yanayoingia hadi sebuleni. Nilimweleza hivyo binti mmoja wa mtaa wa Rwambuzi aliyekuja kwenye chumba changu cha kushonea, hapa mtaa wa Mbunya, akiwa na simu mkononi. Simu ilijaa picha za harusi za nchi za mbali: viti vyeupe juu ya mchanga, upinde wa maua, bibi harusi asiye na viatu. Mimi ni fundi wa nguo, lakini kwa kuwa nimeshonea harusi nyingi, watu huniomba niwapangie na mambo mengine.

"Tantine, si tuko na ziwa?" aliniuliza. "Kasenyi iko na muchanga."

Kasenyi iko chini kabisa, ukishuka milima hadi Ziwa Albert. Nilimwambia inawezekana, ila kuna mambo ya kujua. Kiti cha plastiki mtu akikikalia kwenye mchanga huzama, kwa hiyo kila kiti kiwekewe vibao chini ya miguu. Shela ishonewe uzito kwenye pindo kwa ajili ya upepo. Chakula kipikwe huko huko, maana mchuzi haufiki salama kwenye zile kona za mlimani. Habari za barabara ziulizwe kila asubuhi, kwa sababu barabara ile ina siku zake. Aliandika yote. Alipomaliza, alizima simu na kuniambia sababu yenyewe, ambayo haikuwa kwenye picha.

Baba yake alikuwa fundi wa mashini za mitumbwi. Siku za kazi alikaa Kasenyi, na Jumamosi alipanda kuja kwa mkewe na watoto. Binti alipokuwa na miaka tisa, baba alitoka asubuhi kwenda kujaribu mashini aliyokuwa ameitengeneza. Mtumbwi ulionekana saa sita mchana, umetulia, maji hayana wimbi. Mashini ilikuwa imezimwa na kuinuliwa vizuri, kama mtu anavyofanya akifika. Sandali zake zilikuwa ndani, moja kando ya nyingine. Yeye hakuwemo, na hakupatikana tena.

"Nataka niolewe pale alikuwa," binti alisema. "Pengine mama atashuka. Hajashuka hata mara moja."

Hapo ndipo palipokuwa na fundo la harusi nzima, nami naomba nilieleze taratibu. Kwao, binti hutolewa na upande wa baba. Baba akiwa amekufa, mdogo wake huketi kwenye kiti chake na kusema maneno ya kumtoa. Lakini mdogo huyo hawezi kuketi kabla ya matanga ya kaka yake kuondolewa, na matanga huondolewa siku nguo za marehemu zinapogawiwa kwa ndugu zake. Mama wa binti alikuwa amekataa kuzigawa nguo hizo kwa miaka kumi na mitano. Zilikaa ndani ya sanduku la bati chini ya kitanda. Kila mwaka wa shule ulipofunguliwa alizianika juani, akazipiga pasi, akazirudisha.

Baba mdogo, mwalimu wa shule ya msingi, alikuja kwangu mwenyewe kunieleza. Alisema hana ugomvi na shemeji yake. "Lakini sitakaa ku kiti ya mutu mwenye tungali tunamungojea," alisema.

Nilikwenda kwa mama. Alinipokea vizuri, akanipa chai, akanisikiliza hadi mwisho.

"Bwana yangu alitoka kujaribu mashini," alinijibu. "Hakuna mutu aliniletea habari ingine. Ziwani sishuki."

Basi mambo yalikuwa hivyo: bila mama, hakuna kugawa nguo, bila kugawa nguo, hakuna wa kuketi, bila wa kuketi, binti angevaa shela, angeombewa na mchungaji, lakini kwa ukoo wake angebaki hajatolewa. Nilimwambia tuendelee kupanga. Nimeona mara nyingi kwamba watu wazito hulegea wakiona vitenge vinashonwa.

Kitenge cha familia walichagua cha buluu chenye duara nyeupe. Hapa lazima nieleze ninavyofanya kazi, maana kosa lilitoka humo. Nina daftari la vipimo, jalada gumu, na kila familia ina ukurasa wake. Vipimo vya watoto navirudia, kwa kuwa wanakua. Watu wazima nafuata mistari ya ukurasa. Mashati nayakata yote siku moja, moja juu ya lingine, halafu nashona mfululizo, kola zote, kisha mikono yote. Nikiwa kazini sisomi majina. Nasoma namba tu. Familia ya binti niliwahi kuishonea baba yake akiwa hai, na tangu apotee haikuwahi kuvaa sare tena.

Wanaume walikuwa watano: baba mdogo, wanawe wawili, na kaka wawili wa bibi harusi. Nilipomaliza kupiga pasi, nikatundika mashati sita.

Nilihesabu tena. Nikayapima moja moja nikilinganisha na daftari, na la sita lilipatikana kwenye mstari wa pili: kifua, shingo, urefu wa mkono, na pembeni, kwa mwandiko wangu wa zamani, "bega la kushoto vidole viwili chini." Baba wa binti alikuwa amebeba mashini begani maisha yake yote. Nilikuwa nimelishusha bega hilo kwenye kitambaa, nikaliwekea mshono wa ziada kama nilivyozoea kumfanyia, na sikumbuki hata kidogo kukifanya kitendo hicho. Ilikuwa mchana, mlango wazi, pikipiki zinapita nje. Nilijikuta nimesimama mbali na shati.

Nilikusudia kulifumua jioni hiyo. Lakini mama alikuja kupima gauni lake kabla sijaanza.

Aliingia, akasalimu, akatazama juu, kwenye shati la sita. Hakuuliza ni la nani. Alilishika kwenye bega la kushoto, akapitisha kidole kwenye mshono ule wa ziada.

"Alikuja kupimwa?" aliuliza.

Ningesema palepale, "Hapana mama, ni kosa langu, nilifuata ukurasa." Ni maneno mafupi. Sikuyasema. Uso wake ulikuwa umefunguka kwa namna ambayo sikuwahi kuiona, nami niliogopa kuufunga. Alilishusha shati, akalikunja, akaliweka ndani ya mfuko wake. Alipofika mlangoni akaniambia kwamba atashuka Kasenyi.

Binti alilia kwa furaha. Baba mdogo alinishukuru, akadhani nimemshawishi. Mimi peke yangu nilijua kwamba mama hakuwa anakwenda kumtoa binti yake. Alikuwa anakwenda kumpokea mumewe.

Tulishuka asubuhi ambayo barabara ilisemwa ni nzuri. Wakwe walitoka Niania, watu wa barabara ya msituni, waliozoea miti kila upande. Tulipofika kona ambayo ziwa linaonekana lote, walitoa vichwa madirishani. Siku hiyo ziwa halikuwa na ng'ambo. Ile milima ya upande wa pili ilikuwa imefutika katika ukungu wa joto, maji na mbingu vikawa kitu kimoja cheupe. Chini, hewa ilikuwa nzito na moto, na upepo nilioushonea shela uzito haukuwepo kabisa. Maua ya upinde hayakutikisika. Wavuvi wa pale walisema maji ya namna hiyo hawayapendi, kisha wakaenda kukaa mbali, kwenye kivuli cha vibanda vyao.

Tulipanga viti na vibao vyake. Nilikuwa nimehesabu sawasawa. Ila mama alipofika mstari wa mbele aliomba kiti kimoja zaidi, akakiweka kulia kwake, palepale ambapo kiti cha baba hukaa, na juu yake akalitandika lile shati la buluu, kola imesimama. Vibao vilikuwa vimekwisha, nikaona si kitu. Kiti kisichokaliwa hakihitaji kibao.

Baba mdogo alisimama nyuma, hakusogea. Mchungaji alitazama saa. Upande wa wakwe walinong'onezana, kisha mzee wao mmoja, mtu wa mzaha, akasema kwa sauti ya kusikika, "Mbuzi tulizileta zote. Subira ndiyo hatukuleta." Wachache walicheka. Mama hakugeuka. Alikuwa anatazama maji.

Ndipo tukaisikia mashini.

Ilitoka ndani ya weupe ule, mbali, sauti ya mtumbwi mmoja. Ilikuwa inakohoa: mapigo matatu, inakata, mapigo matatu, inakata. Watu wote waliisikia, hili si langu peke yangu. Mchungaji aliisikia, wakwe waliisikia, wavuvi walisimama kwenye vibanda vyao. Ilikaribia hadi nikatafuta kichwa cha mtumbwi kwa macho. Hakukuwa na kichwa wala wimbi. Kisha ilizimwa. Sisemi ilizimika, ilizimwa taratibu, kama anavyozima mtu aliyefika.

Mama alisimama. Tulingoja naye. Mchanga uliunguza nyayo, bibi harusi alikuwa amesimama bila viatu kama kwenye zile picha zake, na hakuna mtumbwi uliotokea. Muda ulipita mrefu sana. Niliona midomo ya binti inakauka, nikajua kwamba ile siku yake ilikuwa inakwisha mbele yetu kwa sababu ya maneno mafupi niliyoyameza chumbani kwangu.

Nikaenda mbele, nikapiga magoti karibu na mama.

"Mama, hakuja kupimwa. Ni mimi nilikosa. Nilifuata mustari ya daftari, namba yake iko pale ingali."

Aliniangalia, na hakuwa na hasira.

"Miaka yote hii haukumufuta?"

"Hapana."

"Basi siye tuko wawili," alisema.

Alinyoosha mkono kulichukua shati, na mkono ukasimama hewani. Nilifuata macho yake hadi chini. Viti vyote vya mstari wa mbele vilikuwa juu ya vibao vyao. Kile chenye shati kilikuwa kimezama. Miguu yake minne ilikuwa imeingia mchangani karibu nusu, imeingia sawa pande zote, kama inavyoingia chini ya mtu mzima aliyekaa akatulia.

Napenda kueleza mambo, na hili nimejaribu. Mchanga wa karibu na maji ni laini. Pengine maji yalikuwa yanapita chini yake. Pengine mtu alikikalia kabla hatujafika, ingawa kiti hicho kilitolewa ndani ya gari mbele ya macho yangu. Nimejieleza hivyo mara nyingi, na kila mara nikimaliza nakiona kiti kama kilivyokuwa.

Mama alikitazama kwa muda. Kisha akaitikia kwa kichwa, kama mtu aliyejibiwa. Alilichukua shati, akalikung'uta, ingawa halikuwa na vumbi, akamwita shemeji yake aje mbele.

"Amefika, tumemuona," alimwambia. "Yake iko hii. Vaa."

Kila mtu wa ukoo ule alielewa. Nguo ya kwanza ilikuwa imegawiwa. Matanga yalikuwa yanaondolewa palepale, katikati ya maua ya harusi. Akina mama wa upande wetu walianza kulia, si kwa sauti kubwa, na hakuna aliyewanyamazisha. Wakwe kutoka Niania walivua kofia. Yule mzee wa mzaha ndiye aliyevua wa kwanza.

Baba mdogo alivua shati alilokuwa nalo, akavaa la kaka yake. Mabega yake yako sawa, kwa hiyo upande wa kushoto uliinuka na kukunjamana. Alilivuta mara moja. Halafu akafanya kitu ambacho sikumfundisha: akalishusha bega lake, vidole viwili hivi, hadi mshono ukalala. Akiwa hivyo akaketi. Kiti hakikuzama zaidi.

"Mutoto ni wetu," alisema. "Mimi na yaya yangu, mukubwa wangu, tunamutoa."

Binti alipiga magoti mbele yake, na mama akaweka mkono wake juu ya kichwa cha mtoto, kando ya mkono wa shemeji. Yaliyobaki yalikwenda kama harusi zinavyokwenda. Tulikula samaki, tukacheza, na alasiri upepo ukaja na milima ya ng'ambo ikarudi mahali pake.

Wiki iliyofuata mama alikuja Mbunya, wanawe wamebeba lile sanduku la bati. Tulizitoa nguo zote, nikazipima upya kwa ndugu mmoja mmoja. Baba mdogo alikuja na lile shati la sita. Nilimwambia nitalisawazisha bega bila kuharibu kitambaa. Alikataa, akasema ameshazoea.

Mwishowe nilifungua daftari kwenye ukurasa wao. Nilimpa mama kalamu, lakini aliirudisha, akasema nipige mstari mimi, juu ya vipimo vya mumewe. Yeye akanishikia rula.