Kichwa cha Roboti Kimya

Mama Mizani alipoingia kwenye ua wa fundi bati kwa mara ya kwanza, alifanya anavyofanya kila mahali: alisalimia kwa adabu, kisha akakunja uso kana kwamba vyuma vyote vya pale vinanuka.

"Shikamoo, fundi."

"Marahaba, mwanangu. Karibu. Mbona umenuna, nani kakuudhi?"

"Hii kutu yako."

Katika biashara ya vyuma chakavu uso huo ulijulikana. Alianza na mkokoteni wa kuazima, sasa ana gari na ghala, na kilichomfikisha hapo ni sheria moja tu: ukikitaka kitu, usikitazame, tazama kilicho pembeni yake. Mafundi aliwapelekea bati jipya, akaondoka na mabaki yao. Kila upande uliamini umemzidi mwenzake akili, ndiyo maana biashara haikufa.

Fundi mwenyewe alikuwa mzee mwembamba mwenye mikono mikubwa iliyojaa makovu ya kulehemu. Siku hizi alitengeneza faneli, ndoo za kumwagilia bustani, na mifereji ya mapaa ambayo watu waliagiza kisha wakapotea. Mkewe alikuwa akianika nguo, akichota vibanio kutoka kwenye kopo kubwa lililokaa miguuni pake.

Mama Mizani akalitazama lile kopo. Halafu, kwa kosa ambalo angemfukuzia mtu kazi, akalitazama tena.

Lilikuwa na macho. Vioo viwili vya mviringo vya taa za pikipiki, sikio la faneli lililopinda upande, na mdomo wa kichujio. Moyo ukampiga mpaka akahisi kwenye meno. Akageukia mifereji haraka na kuanza kuulizia mambo ya mifereji, lakini akili ilikuwa imekwisha kutoka. Alijikuta amekubali kuichukua yote, hata iliyopinda, bila kuguna.

Fundi akamkazia jicho. "Wewe mbona unalitazama sana kopo la mke wangu?"

"Kopo gani?"

"Mpe alichukue!" mkewe akadakia kutoka kwenye kamba. "Linanichana vidole tangu nilipoolewa."

"Wewe tulia. Mtu anuniaye kila kitu halafu achekelee kopo, huyo ana lake."

Mama Mizani akajaribu kununa. Uso ukagoma. "Abiria wa Zuhura," akasema.

Nyundo ikamponyoka fundi. "Umesemaje?"

"Huyo ni Kimya. Roboti Kimya! Fundi, usinizungushe, namjua kama ninavyomjua kaka yangu wa tumbo moja."

Abiria wa Zuhura ulikuwa mchezo wa televisheni wa utotoni mwake, wa safari za angani. Ulidumu kipindi kifupi, hata likizo ya shule haikwisha, ukaondolewa bila kwaheri, na kanda zake zikarekodiwa taarifa za mazao juu yake. Tangu hapo kila aliyesimuliwa na Mama Mizani alimwambia ameota. Mumewe alishatoa hukumu: "Ulikuwa na homa, mke wangu." Na sasa ile ndoto ilikuwa imekaa juani, imejaa vibanio.

"Ndani yake alikuwa nani?" akauliza kwa sauti ya chini, kama anayeogopa kusikia jibu.

"Mimi."

"Usiniambie!"

"Nililitengeneza mimi, kichwa na mwili. Watu wa studio wakamjaribu mwigizaji, akakwama mabegani, akalia kama mtoto. Wakaona heri aingie anayejua njia ya kutokea."

Mama Mizani akajikaza, akarudi kwenye biashara. "Nipe hicho kichwa, nikuachie bati lote lililomo garini."

"Bati ninalo. Nipe hadithi."

"Hadithi gani?"

"Ya mchezo. Nimecheza mwanzo mwisho na sijui ulihusu nini."

Hakuwa anatania. Mchezo ulirushwa moja kwa moja kutoka studio, naye alikuwa ndani ya bati, hivyo hakuwahi kuuona hata siku moja. Macho ya roboti yaliwekwa yapendeze, si ya kuonea. Kupitia kichujio cha mdomoni aliona kipande cha sakafu tu, na sakafuni walimchorea chaki: mstari, tembea, duara, simama.

Basi yule mwanamke ambaye sokoni hakuwa akitoa hata tabasamu la bure, alipindua ndoo, akakaa, akaanza kusimulia kwa mikono miwili. Nahodha mwenye sauti ya mwalimu mkuu. Watu wa Moshi, miili yao moshi mtupu, waliokuwa wakiwafukuza abiria kutoka nyota hadi nyota. Mvua ya kijani iliyolala angani bila kuanguka.

"Ule ulikuwa mchele," fundi akasema. "Tuliupaka rangi, tukaubandika kwenye kioo."

"Usiniharibie, fundi!"

Mke wa fundi aliacha nguo, akasogea na shuka lililolowa begani. "Halafu ikawaje?"

"Halafu kile kipindi cha mwisho!" Mama Mizani akasimama, ndoo ikabingirika. "Nahodha yuko chini, kaumia. Watu wa Moshi wako mlangoni, wanamwita Kimya: rudi kwetu, sisi ndio tuliokuunda! Kimya anaanza kutembea. Anafika katikati ya chumba, anasi..."

"Inatosha," fundi akasema. Alikuwa ameinamisha kichwa.

"Inatosha vipi, na ndiyo kwanza imenoga?"

"Hapo ndipo nilipouua mchezo."

Akaeleza huku akiyasemesha makovu ya mikono yake. Wakati wa mapumziko ya matangazo ya biashara mfagiaji wa studio, mtu mwema asiyependa uchafu, aliona sakafu imechorwachorwa, akapiga deki. Fundi aliporudi akakuta saruji imelowa, chaki hakuna. Hakuna wa kumwambia neno, mitambo iko hewani. Akageuza kichwa kushoto, akatafuta. Akakigeuza kulia, akatafuta. Mwishowe akaviona viatu vya nahodha, alivitambua kwa sababu soli alizibandika yeye, akavifuata. Wiki iliyofuata walikuta geti limefungwa. Hakuna aliyemweleza sababu, akajijibu mwenyewe.

"Kumbe!" mkewe akasema. "Na mimi miaka yote unaniambia walikuchoka."

Mama Mizani alikuwa ameshika mdomo. Alipouachia, majirani walisikia.

"Fundi! Sisi nyumbani tulipanda juu ya viti! Roboti anachagua! Anawatazama waliomuunda, anawatazama rafiki zake, chumba kizima hakuna anayepumua. Mama yangu alikuwa akisema huo mchezo wa kipuuzi, siku ile aliacha pasi juu ya nguo mpaka ikaungua!"

"Anachagua?"

"Anachagua! Halafu anakwenda kwa nahodha. Mtaa mzima watoto tulicheza kusimama vile, kushoto, kulia, polepole."

"Mimi nilifuata viatu."

"Hilo unalijua wewe. Sisi tuliona tulichoona. Na mtu hafungi duka siku limejaa wateja. Kama walifunga, wakaulizwe wadhamini, si wewe."

Fundi akamwaga vibanio chini, akakifuta kile kichwa kwa ncha ya shati. Mama Mizani aliijua namna hiyo ya kufuta. Aliiona kwa kila muuzaji aliyeshtukia thamani ya mali yake katikati ya mazungumzo, akajua amejimaliza kwa mdomo wake.

"Bati la garini, na ninaloleta kesho," akajaribu.

"Siuzi."

"Na mashine ya kukunjia mifereji."

"Siuzi, mwanangu. Ulipoingia lilikuwa kopo. Wewe mwenyewe ndiye uliyelipandisha bei."

Mama Mizani akashusha dau. Mtu akikosa mali, huomba kuitumia. "Basi nikivae. Mara moja tu."

"Kwa sharti. Utembee. Sijawahi kumwona anatembea."

Ndani mlikuwa na joto na harufu ya risasi ya kulehemu. Aliona ndala zake na mchanga kiasi cha sinia. Akapiga hatua, nzitonzito, kama alivyokumbuka. Katikati ya ua akasimama. Akageuza kichwa kushoto, taratibu. Akakigeuza kulia.

Kisha, huko nje, akamsikia mzee, sauti imempasuka kwa furaha: "Loo! Mke wangu, tazama! Kweli anachagua!"

Mama Mizani aliondoka bila kichwa na bila ushahidi wa kumfunga mumewe mdomo, gari limejaa mifereji iliyopinda ambayo hadi leo hajampata wa kuinunua. Fundi alibaki amekipakata kichwa chake mlangoni. Na lile gari likashika barabara huku Mama Mizani kwenye usukani akiimba, kwa sauti mbaya na kubwa, muziki wa kufungulia mchezo.