Siku Niliyomkagulia Mdogo Wangu Gari

Nimeendesha magari ya watu tangu ndevu zangu zianze kuota. Magari ya miradi ya maji, ya wapima barabara, ya wageni wa kuhesabu ndege, yote ya dizeli, yote ya kuvuta kwa magurudumu manne, na yote yalirudishwa yadi mradi ulipokwisha, nami nikarudi nyumbani kwa miguu. Kwa hiyo mdogo wangu aliponipigia simu Malindi kuniambia amepata gari la namna hiyo la kununua Garsen, na anataka nije nimkagulie, nilimpa hongera, nikakata simu. Huyu ni mtu ambaye hata baiskeli huishuka na kuisukuma akiona mteremko.

Ningependa kusema nilimfurahia. Sikumfurahia hata chembe. Kilikuwa kijicho hasa, kile cha kumkosesha mtu hamu ya chakula. Yeye alibaki kijijini kwetu Idsowe na jembe lake, na migomba na miembe ya kando ya mto. Mimi ndiye niliyekwenda kutafuta maisha, na sasa maisha yamemfuata yeye shambani. Alisema amechoka kuona maembe yakioza huku akingoja lori la mtu lisilokuja. Sawa. Lakini gari la namna ile ni mimi niliyeliota miaka yote. Nilijua hata rangi nitakayolipaka.

Tulikutana asubuhi nyumbani kwa mwenye gari, mzee wa Kiorma anayefanya biashara ya ng'ombe. Gari lilikuwa uani, kuukuu, la rangi ya krimu, limesimama vizuri juu ya springi zake. Nilipoliona moyo ulinipasuka.

"Kaka, wewe ndiye unayejua," mdogo wangu akaniambia. "Ukisema halifai, tunaondoka. Ukisema linafaa, nalipa."

Basi neno langu moja tu, na angebaki mtu wa miguu kama mimi. Nililitafuta neno hilo kwa bidii.

Nikaanza kwa kuweka kiganja juu ya injini. Ilikuwa baridi; mzee hakuipasha moto kabla hatujafika, kama wafanyavyo wenye kuficha ugonjwa. Nikaiwasha. Ikakohoa mara moja, ikashika. Nikakimbilia nyuma kwenye ekzosi nikiombea moshi mweupe, au wa buluu, moshi wowote wa aibu. Ukatoka mweusi kidogo, kisha ukatakata. Nikafungua kifuniko cha oili injini ikinguruma, nacho hakikupumua moshi wa injini iliyochoka. Nikalala chali mchangani nikigonga chasisi kwa spana, nikisikiliza mlio wa kutu, na chuma kikanijibu kizima mwanzo hadi mwisho. Nikatia gia ndogo, nikalipandisha tuta la mchanga nyuma ya boma, likapanda bila manung'uniko. Aliyekuwa akinung'unika ni mimi. Kila gari lilipofaulu, mdogo wangu alitabasamu, na tabasamu lake lilinichoma.

Nikabakiwa na swali la kwetu. Huku kwenye delta ya mto Tana hatuanzi kwa kuuliza gari limetembea kilomita ngapi. Tunauliza: wakati wa mafuriko lililala wapi? Mto ukivunja kingo, mwenye akili hulipandisha gari lake juu ya lami, kwenye tuta la barabara, akalilinda huko mpaka maji yarudi. Gari lililozama huoshwa na kupakwa rangi likang'aa, lakini tope la Tana likishaingia kwenye nyaya na kwenye gia haliondoki. Linaliua gari kidogo kidogo, nawe ukiwa umeshalipa.

"Gari ililala lami," mzee akanijibu. "Mimi pia nililala hapo, chini yake."

Kila mtu husema hivyo. Nikaenda nyuma, nikainua mpira wa sakafu, na pale kwenye kona, chini ya benchi, nikalikuta tope kavu. Jekundu, laini, la mto. Nikalikwangua kwa ukucha, nikalinusa. Mungu si Athumani, nikajisemea. Raha niliyoipata pale sikuipata hata siku ya harusi yangu.

"Limezama hili," nikatangaza. "Twende zetu."

Mdogo wangu akainamisha kichwa, lakini hakuondoka. Mzee naye hakukasirika. Alilichungulia lile tope, kisha akamgeukia mdogo wangu.

"Wewe hapana ambia ndugu yako?"

Mdogo wangu akachora mchanga kwa kidole cha mguu.

"Hii tope si ya gari," mzee akaniambia. "Hii tope yenu. Maji ilipokuja Idsowe, mimi nilienda beba watu. Mama yenu alikaa hapa nyuma, na godoro, na kuku, na watu wengine, miguu yote tope. Huyu alimbeba mama mgongoni, maji hapa," akajigusa kifuani, "mpaka kwa gari, kule juu barabarani. Wewe angalia mbele kama iko tope."

Niliangalia. Nilichungulia ndani ya taa, nikafungua kisanduku cha fyuzi, nikavuta zulia la miguuni mwa dereva. Vumbi tupu. Maji hayakuwahi kufika humo.

Wakati wa mafuriko yale nilikuwa Malindi, nikiwapeleka watu wa mradi kuyapiga picha maji. Niliambiwa mama ametoka salama. Hakuna aliyenisimulia ametokaje. Na sasa wivu wangu ulipata sababu ya pili, mbaya kuliko ya kwanza. Gari ningeweza kununua siku moja, Mungu akipenda. Lakini mama alikuwa ameshabebwa, na si kwa mgongo wangu.

"Linafaa," nikasema. "Na bei anayotaka ni ya haki. Usimsumbue mzee wa watu."

Mpewa hapokonyeki. Wakashikana mikono, wakamalizana, mzee akaleta funguo. Kwa kuwa mmiliki mpya hajui kuendesha, niliendesha mimi. Lilikuwa tamu, Mungu wangu. Lilishika barabara ya vumbi likatulia, na usukani ulinitii kana kwamba tumezoeana. Mdogo wangu alikaa kushoto, mikono magotini, akiogopa kugusa kitu.

Mama alisikia mngurumo akatoka nje. Aliniona nyuma ya usukani, akapiga vigelegele mpaka majirani wakachungulia. Niliposhuka tu, akaniwekea mkono kichwani, akaanza kumshukuru Mungu kwa sauti: mwanangu ameendesha magari ya watu mpaka amezeeka, leo umemkumbuka, Baba, leo umempa lake.

Nilimtazama mdogo wangu. Alikuwa amesimama upande wa pili, anafuta vumbi kwenye mlango kwa kiwiko, na alikuwa akisikia kila neno. Akaendelea kufuta tu. Alikuwa tayari kuniachia baraka hiyo. Huruma yake ile iliniuma kuliko gari lenyewe.

"Mama," nikasema, "gari ni lake."

Mama akaikata sala katikati. Kisha akauondoa mkono kichwani pangu, akalizunguka boneti taratibu, akauweka kichwani pa mdogo wangu, na sala akaianza upya tangu mwanzo.