Namba ya Pembeni

Muuguzi anayejaza fomu za utafiti wa ukali wa magonjwa katika hospitali ya Cerro de Pasco, juu kabisa kwenye milima ya Peru, haanzi na mgonjwa. Anaanza na kidole chake mwenyewe. Hukibana kwenye kipimo cha oksijeni, akasubiri, ndipo akasugua kidole cha mgonjwa kati ya viganja vyake vipana mpaka kipate joto. Namba ya mgonjwa huiandika kwenye kisanduku, na yake huiandika pembeni kwa penseli, ingawa huko Lima, mji mkuu, zinakokusanywa fomu za hospitali tisa, wameshamwambia aache kuzichafua. Daktari Fiorella, aliyepanda kutoka pwani wiki hiyo, alipoona themanini na nne ya mgonjwa wao, Mama Saturnina, alitaka kuita gari la wagonjwa limpeleke hospitali kubwa, maana fomu inasema chini ya tisini ni mahututi. Muuguzi alimwonyesha kidole chake: themanini na nne. "Huku milimani wote tuko hivi," alisema kwa sauti yake ya chini. "Basi tulazwe wote, daktari. Mimi nipe kitanda cha dirishani." Mama Saturnina, akimenya kwa ukucha kiazi cha bakuli lake, alicheka. "Huyo anakoroma, mwanangu. Mlaze mbali."

Asubuhi iliyofuata kipimo cha Mama Saturnina kilionyesha themanini na nne tena. Fiorella akatabasamu, akageukia kitanda cha pili. Muuguzi hakusogea, alikuwa anatazama bakuli la viazi la mama.

"Ita gari, daktari."

"Si namba ileile ya jana?"

"Ileile." Na pembeni mwa fomu, mahali pa namba yake, aliandika polepole: viazi havijamenywa.