Siku Nilipowapa Wakwe Zangu Kliniki

Mimi ni mjane niliyeingia chuo kikuu pale Rongo nikiwa na miaka hamsini na mmoja na miezi minne, na si mwepesi wa kuona haya, lakini Jumanne ile, tarehe kumi na tisa Machi, nilitamani ardhi ya Kendu Bay inifunike.

Kliniki ya gari ya wazee wenye presha ingesimama mahali pawili tu, nami nilipewa jedwali la vijiji kumi na vitatu (ramani hapana, ni dakika za kutembea kati ya kila viwili) nivigawe makundi mawili. Mwalimu wangu, rika la kitinda mimba wangu, alinionya: "Mama, njia ya kuunganisha kwa jirani wa karibu hushikana kama mnyororo. Tumia ile inayoangalia walio mbali zaidi ndani ya kundi." Nikamjibu kwamba nimeishi na majirani tangu hajazaliwa, nikabonyeza kwenye kompyuta ile ile ya jirani wa karibu, na kwa kiburi sikuyatazama majibu hadi nilipoyasoma barazani, mbele ya wazee wa vijiji vyote.

Kundi la kwanza: vijiji kumi na viwili, vyote vya ufuoni, kwa kuwa kila kimoja kilikuwa karibu na jirani yake, ingawa toka cha kwanza hadi cha mwisho ni mwendo wa saa tatu. Kundi la pili... Kijiji kimoja. Cha kilimani. Nilikoolewa.

"Nyar Karungu!" akaita mzee mmoja (huku mke huitwa binti wa kwao, nami ni wa Karungu). "Sisi tubanane, wakwe zako wapate kliniki yao?"

"Kumbe ndiyo masomo aliyoyaendea!" akadakia bibi mwenye fimbo, watu wakacheka, kisha yeye akaacha kucheka. "Na mimi wa kijiji cha mwisho kabisa, nitafika na mguu huu?"

Ningejitetea kwamba kompyuta haijui nilikoolewa, lakini mama mkwe alikwisha kusimama, akapiga kigelegele kirefu.

Nikaomba radhi, nikarudia kwa njia ya mwalimu: ufuo ukakatika katikati, kilima kikaungana na nusu iliyo karibu nacho. Kilichobaki kigumu ni kumweleza mama mkwe kwamba kigelegele chake alikipigia kosa.

Nimeapa: sitakubali kundi lolote kabla ya kuwatafuta wawili walio mbali zaidi ndani yake na kujiuliza kama wataweza kufikiana kwa miguu. Na majibu nitayasoma kwanza peke yangu, mlango nimeufunga.